Hasira, Haya na Machozi: Moyo Una Nafasi Gani Katika Kusomesha Kufikiri?

 

Leo mtusamehe, liwa na singo tutaziweka kando kidogo. Kuna jambo tunaulizwa sana na mama wenye binti walioingia chuo kikuu. Wanasema: "Hivi huko mnawasomesha nini? Mwanangu alikuwa mpole, sasa kila nikimwambia neno ananiuliza kwa nini." Na mabibi harusi nao wanakuja na lao: "Nimesoma mpaka nimepata shahada, mbona ilipokuja posa akili yote ilikimbia, nikabaki kulia tu?"

Maswali haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mama anaogopa kuwa chuo kinamfundisha binti yake kufikiri bila ya moyo. Bibi harusi anaogopa kuwa moyo wake haukufundishwa kufikiri. Sisi tunaoandika hapa ni wanawake watatu, na kazi yetu ni kusomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Unguja somo linaloitwa fikra tunduizi. Wote watatu tumepita katika ubibi harusi, na wawili wetu tuna mabinti. Kwa hivyo maswali haya yanatugusa darasani na nyumbani, na leo tunataka kuyajibu kwa yale tuliyoyaona.

Fikra tunduizi ni kitu gani?

Jina ni kubwa, lakini jambo lenyewe kila mama analifanya akienda sokoni Darajani. Muuzaji anakwambia samaki huyu kavuliwa leo alfajiri. Humkubalii wala humkatalii. Unafunua mashavu uone kama bado mekundu, unabonyeza mnofu, unatazama jicho, unanusa, na bei unamuuliza na jirani yake. Umetaka ushahidi, umeupima, ndipo ukatoa pesa. Chuo kikuu tunafanya hivyo hivyo kwa maneno. Mtu anadai nini? Anatoa hoja gani? Ushahidi wake uko wapi? Kuna jambo amelificha? Na je, hakuna maelezo mengine yanayoweza kuwa kweli?

Mwaka 1990 jopo la wataalamu 46 lilitoa ripoti nchini Marekani, likiongozwa na mwanafalsafa Peter Facione, kueleza maana ya kufikiri kwa namna hii. Waliorodhesha ujuzi, kama kuchambua, kupima na kufasiri. Lakini walisema pia kuwa ujuzi pekee hautoshi, lazima mtu awe na tabia inayoendana nao: awe na hamu ya kujua, akubali kusikiliza, awe mwadilifu kwa asiyekubaliana naye, na awe mkweli juu ya upendeleo wa nafsi yake. Zitazameni tabia hizo vizuri. Hamu, uadilifu, ukweli wa nafsi. Haya ni mambo ya moyoni kabla hayajawa mambo ya kichwani.

"Hisia ziacheni mlangoni"

Pamoja na hayo, wengi wetu tulisomeshwa kuwa msomi wa kweli hana hisia. Ukiongea kwa uchungu unaambiwa una jazba. Ukidondosha chozi, hoja yako imekufa hata kama ilikuwa ya kweli. Na hukumu hiyo humwangukia mwanamke zaidi, maana tangu zamani tunaambiwa sisi ni watu wa machozi.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye kisa chake kinatusaidia hapa. Daktari wa ubongo Antonio Damasio alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994, akampa mgonjwa huyo jina la Elliot ili kumsitiri. Elliot alikuwa na kazi nzuri na familia. Akapata uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo, ukatolewa kwa upasuaji. Baada ya hapo alipimwa akili, na vipimo vikaonyesha akili yake ni timamu kabisa, kumbukumbu nzuri, hesabu nzuri, maneno mazuri. Lakini hisia zilikuwa zimefifia. Alikuwa akihadithia masaibu yake mwenyewe kama anayesimulia habari za mtu asiyemjua.

Kwa fikra za wale wanaosema hisia ziachwe mlangoni, Elliot angekuwa bingwa wa maamuzi. Ilikuwa kinyume. Kazini angeweza kumaliza nusu ya siku akijiuliza makaratasi ayapange kwa tarehe au kwa ukubwa. Alipoteza kazi, alipoteza pesa katika biashara zisizo na kichwa wala miguu, na ndoa yake ikavunjika. Sababu yake ni kwamba moyo ndio unaotuambia lipi lina uzito na lipi ni jepesi. Mtu asiyehisi uzito anaona kila jambo ni sawa na jengine, na hapo hesabu zote za duniani hazimfikishi kwenye uamuzi.

Haya na khofu si kitu kimoja

Sasa tuingie darasani. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanatoka Unguja na Pemba, wametoka skuli ambako aliyefaulu ni aliyekariri vizuri. Wamejaa ukumbini, zaidi ya 100. Tukiuliza swali, kimya. Wasichana huinamisha macho kwenye daftari kama kwamba jibu limeanguka humo.

Ukiwaita pembeni ukawauliza, wanakwambia: "Mwalimu, naona haya." Tunawaheshimu kwa hilo, maana haya ni pambo. Lakini tukizidi kuuliza tunakuta mara nyingi iliyopo si haya, ni khofu ya kuchekwa. Anaogopa kukosea Kiingereza. Anaogopa kuonekana mshamba. Anaogopa kuwa akipinga maneno ya mwalimu atakuwa amekosa adabu, kwa sababu tangu chuoni kwa maalim alifundishwa kunyamaza mkubwa anaposema.

Khofu ya namna hiyo inafunga akili. Mtu aliyeogopa hupima njia ya kujificha tu, hoja hana nafasi nayo. Ndiyo maana kabla hatujasomesha kupima hoja, tunashughulika na khofu kwanza. Tunagawa vipande vya karatasi, kila mmoja anaandika swali au pingamizi lake bila jina, tunakusanya kikapuni, tunasoma mbele ya wote. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo kikapu kilijaa maswali mazito kuliko tuliyokuwa tumeyaandaa sisi.

Jambo la pili ni lugha. Mihadhara na mitihani ni Kiingereza, lakini khofu, hasira na mapenzi ya wanafunzi wetu yanazungumza Kiswahili. Kwa hivyo dakika 10 za mwanzo wanazungumza wawili wawili kwa Kiswahili, kama wako barazani. Wakishaijua hoja yao ndipo wanaihamishia kwenye Kiingereza. Binti aliyekuwa hafungui mdomo, utamsikia anacheka, anapinga, anatoa mfano wa shangazi yake. Kumbe hoja alikuwa nazo.

Na tunawakumbusha kuwa Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Walikuwa na haya na walikuwa na maswali, na kimoja hakikukitoa chengine.

Siku ya mjadala wa talaka

Tuna zoezi ambalo wanafunzi wenyewe wanaleta madai wanayoyasikia mitaani ili tuyapime. Siku moja kijana mmoja aliandika: "Wanawake waliosoma ndio wanaovunja ndoa siku hizi." Akasimama, akalieleza kwa utulivu, kwa Kiingereza kizuri. Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Nyuma akasimama msichana ambaye tangu muhula uanze hatujawahi kusikia sauti yake. Akasema: "Na talaka anaandika nani?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, sauti ikitetemeka, kuwa mama yake aliletewa talaka kwenye karatasi akiwa jikoni anasonga ugali, baada ya miaka 17 ya ndoa, na mama yake huyo hakuvuka darasa la saba. Machozi yakamtoka. Akamalizia kwa kusema: "Wanaume wote ndivyo mlivyo." Akakaa.

Ukumbi ulipooza. Mwenzetu aliyekuwa akisomesha siku ile angeweza kumwambia ajikaze, au akafunga mjadala na kufungua ukurasa mwengine. Badala yake aliwaambia wote, wavulana kwa wasichana, watoe daftari na waandike mistari mitatu. Wa kwanza: sasa hivi ninahisi nini? Wa pili: katika jambo hili ninajua nini kwa hakika? Wa tatu: nini sikijui, na nani anaweza kukijua? Akawapa dakika 10, ukumbi kimya.

Waliporudi kwenye mjadala, mambo mawili yalidhihiri.

La kwanza, hasira ya yule msichana ilikuwa imeona tundu ambalo utulivu wa wengine haukuliona. Neno "wanaovunja" lilikuwa limebeba dai jengine ndani yake, kwamba mwanamke ndiye mtendaji. Lakini ukiacha khului na faskhi, talaka iko katika kauli ya mume. Huwezi kusema nani kavunja kabla ya kuuliza nani katamka, na kwa nini. Tena, ukitaka kulipima dai lile inabidi ujue ndoa za wanawake waliosoma ni ngapi na za wasiosoma ni ngapi, na katika kila kundi zimevunjika ngapi. Kesi zilizofika mahakama ya kadhi hazitoshi, kwa sababu talaka nyingi hutamkwa nyumbani na zikaishia huko. Na pengine talaka ya mwanamke aliyesoma inazungumzwa zaidi mitaani, ndiyo maana tunadhani ni nyingi. Yote haya yalifunguka kutokana na swali moja lililotoka na uchungu.

Lakini hasira ile ile, baada ya kumfikisha hapo, ilimpitiliza. "Wanaume wote" ni dai kubwa kuliko ushahidi wa baba mmoja. Yeye mwenyewe aliliona alipofika mstari wa pili. Alisoma kwa sauti: "Ninajua alichofanya baba yangu. Wanaume wote siwajui." Hakuna aliyecheka.

La pili ndilo lililotushughulisha sisi walimu mpaka leo. Yule kijana mtulivu, aliposoma mstari wake wa kwanza, alisema: "Naogopa." Kaka yake alioa mwanamke msomi, akaomba khului baada ya mwaka, na familia nzima ikabaki na deni la harusi na aibu. Dai lake, lililokuja limevaa suti ya utulivu, lilitoka moyoni vile vile. Tofauti ni kwamba moyo wa msichana ulionekana na wa kijana ulijificha nyuma ya sauti tulivu, na ukumbi mzima ulimwamini asiyelia.

Hili ndilo tunalotaka lifike kwenu. Mtu mtulivu si lazima awe amepima, na mtu anayelia si lazima awe hajapima. Wote wawili wana hisia. Kinachowatenganisha ni kama wanazijua, na kama wamezihoji.

Kadhi mwenye hasira

Mafunzo haya si mageni kwetu. Kuna hadithi mashuhuri inayomkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Wanavyuoni wakaipanua kwa kipimo hicho hicho: asihukumu akiwa na njaa kali, kiu, usingizi mzito, au huzuni iliyomshinda. Tazameni hekima iliyomo. Kadhi hakuambiwa asiwe na hasira maisha yake yote, maana hasira ni ya kibinadamu. Ameambiwa aijue hali yake, na asubiri hukumu mpaka ipoe.

Darasani tunaitumia hivi. Mwanafunzi akiandika insha akiwa amewaka, hatumwambii aichane. Tunamwambia ailaze. Kesho aisome kama kwamba imeandikwa na mtu asiyempenda, aipigie mstari kila sehemu ambayo ukali umechukua nafasi ya ushahidi. Insha nyingi nzuri tulizowahi kusahihisha zilizaliwa hivyo: zimeandikwa kwa moto na kusahihishwa kwa maji.

Na kwa upande wa pili, tunawakumbusha kisa cha Bibi Khawla bint Tha'laba, aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kumlalamikia mumewe aliyemfanyia dhihar, yaani kumfananisha na mgongo wa mama yake. Alikuja na uchungu, akajadili, akaeleza umri wake na hali ya watoto wake. Sura nzima, Al-Mujaadila, inafungua kwa habari yake. Malalamiko yake hayakukataliwa kwa sababu yalikuja na huzuni. Huzuni na hoja vilifika pamoja.

Anayetuchokonoa hisia anataka nini?

Kuna upande mwengine wa somo hili unaowahusu sana mabibi harusi. Hisia zetu si sisi tu tunaozitumia. Wako wanaozitafuta ili watuuzie kitu.

Tuna kipindi kimoja ambacho wanafunzi huleta matangazo na sauti wanazotumiwa kwenye simu. Wanaleta ile inayosema usiposambaza kwa watu 20 utapata msiba: hiyo inavuta khofu. Wanaleta ile ya mganga wa mapenzi: hiyo inavuta upweke. Na kila mwaka hukosi tangazo la mkorogo linalomwonyesha bibi harusi mweusi amenuna na bibi harusi mweupe anatabasamu. Tunawauliza: tangazo hili linataka uhisi nini? Wanajibu: "Aibu." Tunawauliza tena: limekupa ushahidi gani? Wanatafuta, hawapati.

Hapo tunawaonyesha kilichofichwa. Baadhi ya mikorogo hiyo ina zebaki, sumu inayoweza kudhuru figo na neva za mwili, na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje ya nchi vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyoongezwa zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni. Lakini bado vinapatikana madukani. Binti aliyejifunza kuuliza "nani ananitia aibu, na anapata nini?" amejikinga kwa ngao kubwa kuliko nyingi tunazompa.

Posa mbili

Katika kazi yetu, machozi mengi tunayoyaona hayatoki darasani. Yanatoka ofisini kwetu jioni, na mengi yanahusu posa.

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alikuja analia. Ameposwa na kijana anayefanya kazi Muscat. Upande wa mume wanataka nikah kabla ya Ramadhani na amfuate mumewe, naye amebakiwa na mihula miwili. Alitaka tumwambie afanye nini. Hatukumwambia. Tulimpa karatasi, akaandika mistari yake mitatu.

Kwenye mstari wa kwanza aliandika neno moja, "khofu". Tukamwomba aigawe. Ikatoka khofu ya mama yake kuaibika, khofu ya kutopata mwengine, khofu ya kuwa peke yake nchi ya watu, na khofu ya mitihani iliyobaki. Khofu nne zilikuwa zimejikunja ndani ya moja, na kila moja ilihitaji jibu lake. Kwenye mstari wa tatu aliandika: "Sijui kama yeye mwenyewe anataka niache kusoma, au ni watu wake." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Akamwomba khalati yake, khalati akazungumza na baba, baba akauliza. Kijana alisema yeye angesubiri. Watu wake wakakataa, na baada ya wiki mbili posa ikapelekwa nyumba nyengine. Binti alilia sana, na mama yake kwa muda alikuwa akimjibu neno mojamoja. Leo amemaliza, anasomesha skuli Pemba. Hatuwaambii kuwa amepata maisha bora kuliko aliyoyaacha, maana aliyoyaacha hakuna aliyeyaona. Tunasema aliamua akiwa anajua anachokiamua.

Wa pili alikuwa na hali inayofanana, akaamua kinyume. Baba yake alikuwa mgonjwa na akitamani kumwozesha kwa mkono wake. Kwenye mstari wa kwanza aliandika "huzuni", na akaandika kuwa huzuni hiyo haina dawa ila kumpa baba anachokitamani. Alipima, akaomba kuahirisha masomo mwaka mmoja, akaolewa. Baba alifariki miezi minne baada ya harusi, Allah amrehemu. Mwaka uliofuata binti alirudi darasani na mimba yake, akakaa mstari wa mbele.

Kama ungetuuliza nani kati yao alifikiri vizuri, tungejibu wote wawili. Hisia ziliwaambia kipi kina thamani kwao. Akili ikawaambia kipi wanakijua na kipi bado. Hakuna karatasi ya mtihani yenye jibu moja la swali lile.

Na shaka je?

Tunarudi kwa mama anayeogopa "kwa nini" za binti yake. Khofu yake tunaielewa, maana kumfundisha mtu kutilia shaka ni jambo zito. Imam Ghazali alikuwa mwalimu katika Nidhamiyya ya Baghdad, chuo chenye sifa kubwa wakati wake. Mwaka 1095 alifikwa na dhiki ya moyo hata ulimi ukakataa kusomesha, na tumbo likakataa chakula. Aliondoka Baghdad, akaacha cheo. Baadaye aliandika kitabu kuhusu safari yake ya kutafuta yakini, na humo akaeleza pia shaka iliyowahi kumpata kabla ya hapo. Aliizungumza kama maradhi aliyougua na kupona kwa rehema ya Mola wake. Hakuifanya kuwa mchezo wa maneno.

Sisi tunachukua funzo hapo kama walimu. Shaka inauma. Mwalimu anayemvunjia mwanafunzi kila anachokiamini kisha akatoka ukumbini na begi lake, hajasomesha. Tunapomfundisha binti yako kuuliza, ni wajibu wetu kuwa karibu naye mpaka ajue kujenga jibu, na kumfundisha kuwa swali lina adabu zake: wakati wake, sauti yake, na heshima ya anayeulizwa.

Nasaha zetu

Mama, binti yako akikuuliza kwa nini, usione amepotoka. Mjibu sababu yako, hata kama ni hisia. Sema: "Naogopa mwanangu, kwa sababu hivi na hivi." Utamfundisha kuwa khofu inaweza kusemwa na kupimwa.

Mwanafunzi, usingoje khofu iishe ndipo uzungumze. Iandike kwanza, uijue jina, kisha inyanyue mkono pamoja na wewe.

Bibi harusi mtarajiwa, usikubali posa wala kuikataa siku ile ile uliyolia au uliyofurahi kupita kiasi. Ilaze. Andika mistari yako mitatu, swali istikhara yako, na mstari wa tatu umpe walii wako aulize kwa niaba yako. Ukitaka sharti la kuendelea kusoma, muulize shekhe au kadhi lina nguvu gani, na uliza kabla ya nikah.

Na walimu wenzetu, msichana akilia ukumbini msimharakishe kunyamaza. Mpeni karatasi.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu zisikie, na aziangaze akili zetu zipime, na awape mabinti wetu elimu yenye manufaa na ndoa zenye mapenzi na rehema. Aamiin.